Udongo Uliojifunza Kuficha Maji

Zamani, mlima huu ulipokuwa na moto tumboni na barafu kichwani kwa wakati mmoja, udongo wa miteremko yake ulikuwa mwekundu na haukujua kuficha kitu. Ukinyeshewa ulilowa, na kila mpita njia aliuona umelowa. Ukipigwa jua ulikauka ukapasuka, na mtoto wa miaka mitano angekuambia umekauka. Watu wa siku zile hawakuinama kushika udongo. Walisimama njiani mikono nyuma, wakatazama, wakajua. Sasa nyinyi mnaniuliza kwa nini udongo wa kule juu, chini ya miti, unaonekana mkavu kama unga, halafu ukiubana kiganjani unatoa maji hadi yanakufika kiwikoni. Kaeni mnisikilize, na anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana habari yenyewe haitupi sifa.

Alikuwapo mtu jina lake Msami, mlinzi wa mfongo. Mfongo ni ule mfereji uliochimbwa na mababu kutoka mtoni, ndani kabisa ya msitu, ukishuka kwa kupindapinda ubavuni mwa mlima hadi kwenye mashamba. Kila ukoo ulikuwa na siku yake ya maji, na Msami ndiye aliyefungua na kufunga. Alitembea na fimbo iliyochongwa alama, akiichovya katika bwawa la mfongo asubuhi na jioni kupima maji yamepungua kiasi gani.

Msami alikuwa mtu wa shaka. Akipewa pombe alinusa kwanza. Akisalimiwa kwa bashasha alijiuliza huyu leo ana nini. Mbuzi wake akizaa pacha alikwenda kumchungulia beberu wa jirani. Kwa kazi ya maji tabia hiyo ilimfaa, na Mangi, mtawala wa mteremko ule, alimsifu mbele za watu kwamba ana macho makali. Sifa ile ilimharibu. Tangu hapo kila alichokishuku alikihesabu kuwa amekwisha kukiona.

Juu kabisa, mahali mashamba yanapokoma na msitu unapoanza, aliishi Ndealilia, mjane wa Kirenga. Kirenga alikuwa kaka yake Msami. Homa ilimchukua akiwa bado kijana, akamwachia mkewe watoto wawili na kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba katikati ya migomba. Kwa desturi Msami alitarajia kumrithi shemeji yake, na Ndealilia akakataa. Hakukataa kwa matusi. Alisema tu, mbele ya wazee wa ukoo, kwamba mikono yake miwili inamtosha kulima. Wazee wakacheka, Msami akacheka nao, na kicheko kile kikamkaa kooni.

Basi mwaka mmoja, wakati wa palizi, mlima ukakohoa. Ulikohoa siku nne mfululizo, na majivu yakashuka mazito hata kuku wakaingia kulala mchana. Barafu ya kileleni ikawa nyeusi. Migomba ikainama, mabua ya ulezi yakafunikwa, na mtu akipiga chafya aliacha alama ukutani. Siku ya tano kukatulia. Watu wakatoka wakakuta mteremko mzima umevaa vumbi la kijivu, jepesi, lisilo na harufu, na wote wakakubaliana kwamba ni uchafu, tena pengine ni laana.

Wakaanza kuyakwangua majivu yale. Materu, mtu wa ukoo mkubwa na sauti kubwa zaidi, ndiye aliyetangulia. Alijaza vikapu, akapanda navyo, akavimwaga kwa Ndealilia. Alijua pale hakuna mwanamume wa kumfokea. Wengine walipoona hajaulizwa, nao wakapanda. Siku ile njia ya juu ilijaa watu na vikapu kama njia ya sokoni, na kihamba cha mjane kikapokea majivu ya mashamba yote ya mteremko.

Ndealilia alishuka mbio hadi bwawani.

"Shemeji, hujaona watu wanamwaga wapi?"

"Nimeona," alijibu Msami, macho kwenye fimbo yake.

"Ni kihamba cha kaka yako kile. Wakataze."

"Ni kwa muda tu. Mvua ikinyesha yatasombwa. Tena wewe si ulisema mikono yako inakutosha?"

Ndealilia akageuka akapanda kwake. Hakushuka tena kumwomba kitu. Alichukua jembe akayasambaza majivu yale, akayachanganya na majani ya migomba yaliyooza na mavi ya ng'ombe wake mmoja, akapanda magimbi, viazi vikuu na maharage juu yake. Ilimchukua miezi. Alilia pia, kwa maana hakuna mwenye moyo wa jiwe. Lakini alilia akiwa anafanya kazi.

Na majivu? Yalikuwa yamefukuzwa kila shamba, yamekwanguliwa kwa majembe na kusemwa vibaya, yakatupwa ukingoni mwa msitu ambako mashina yamevaa ukungu na jua halifiki chini. Barafu iliyo juu ilikuwa ikiyeyuka kidogo kidogo kama kawaida yake, na maji yakishuka chini kwa chini kupitia mizizi. Tone la kwanza lilipoyafikia, majivu yakalimeza na kunyamaza. Likaja la pili, yakalimeza. Uso wake yakauacha mkavu vilevile, wenye vumbi, ili anayepita aseme hapa hakuna kitu. Yalikuwa yamejifunza kwa watu wa mteremko ule kwamba ukiwa na kitu, usikionyeshe.

Miaka miwili ikapita, kisha mvua zikakataa. Vuli haikuja, masika yakaja ya siku sita yakaondoka. Udongo mwekundu ukapasuka mpaka mtu aliweza kuingiza mguu kwenye nyufa. Migomba ikakunja majani. Maji ya mfongo yakawa uzi, na siku ya zamu ya mtu ilipofika aliyapokea kwa kibuyu. Watoto walianza kulala mapema kwa sababu hakukuwa na cha kuwakesha.

Kwa Ndealilia kulikuwa kijani. Magimbi yake yalikuwa na majani mapana kama ngozi za kulalia. Viazi vilipanda miti. Watu walisimama njiani mikono nyuma kama walivyozoea, wakatazama, wakameza mate, na kila mmoja akaenda kwake na neno moja moyoni. Mfongo unapita mlangoni pake kabla haujafika kwa mtu mwingine yeyote. Neno lenyewe lilitoka midomoni muda si mrefu: mjane anaiba maji.

Msami alilisikia neno lile kwa furaha aliyoionea haya. Alikuwa amelingojea. Alizidisha kupima bwawa, akipima hata mara tano kwa siku. Fimbo ikamwonyesha kwamba maji hayapungui zaidi ya inavyopaswa, yeye akasema kumbe ni mjanja, anaiba kwa kipimo. Akafunga uzi wa mgomba kukatiza njia ya kutoka kwa Ndealilia hadi kwenye mfongo, ili akipita aukate. Uzi haukukatika. Akasema kumbe ameuona akauruka. Akatandaza vumbi laini ukingoni mwa mfongo apate nyayo, akapata nyayo za pimbi. Akakaa siku nzima akijiuliza kama mtu anaweza kumfuga pimbi.

Mkewe, Mkunde, alimwona akitoka kila asubuhi kabla ya uji na kurudi magoti yamejaa vumbi.

"Wewe unakwenda kuuangalia mfongo," alisema Mkunde, "au mwenye kuishi kando ya mfongo?"

"Nafanya kazi ya Mangi."

"Kazi ya Mangi ya kujificha kwenye migomba ya mwanamke aliyekukataa. Haya. Mimi nami nina macho makali, sema tu sina fimbo."

Hivyo nyumba ile ikawa na shaka mbili zikilala kitanda kimoja. Lakini haikuwa nyumba ile peke yake. Mteremko mzima mtu hakumpa mwenzake kisogo. Waliokuwa wakiazimana moto walianza kuwasha wenyewe, na mama aliyepika alifunga mlango ili moshi usimsengenye.

Asubuhi moja Msami alijitokeza wazi akaingia kihambani kwa shemeji yake. Ndealilia alikuwa anamenya magimbi mlangoni, watoto wakicheza pembeni, wana mashavu. Mashavu yale yalimuuma Msami kwa sababu watoto wake mwenyewe hawakuwa nayo. Ndealilia akamkaribisha kigoda na gimbi la kuchoma, bado la moto. Njaa ilimkaba, mate yakamjaa, lakini akakataa. Alisema moyoni kwamba akila atakuwa amehongwa.

Alitembea shambani akakwaruza udongo kwa kidole cha mguu. Vumbi likapanda. Akakwaruza pengine, vumbi tena. Hapo akajisemea amempata. Shamba kavu, mimea mibichi: basi mfereji upo, umefukiwa chini, unapita penye mizizi usionekane. Angeweza kuinama akashika. Angeweza kufungua mdomo akauliza, maana mwenye shamba alikuwa hatua kumi kutoka alipo. Hakufanya hili wala lile. Alishuka moja kwa moja hadi kwa Mangi.

Mangi aliitisha baraza kwenye uwanja wa mikutano. Materu alisema kwa sauti yake kwamba wezi wa maji hawana mahali mlimani, wakajipatie mashamba nyikani pamoja na vifaru. Watu wakaitikia. Na adhabu ya mwizi wa maji ilikuwa hiyohiyo tangu enzi: kuondolewa kwenye kihamba na kushushwa nyikani yeye na wanawe, kwenye jua na mbung'o. Mwaka ule wa ukame, kumshusha mjane na watoto wawili nyikani ilikuwa kuwaua, na hapakuwa na mtu barazani asiyejua.

Ndealilia aliulizwa ana la kusema. Akasema, "Siibi. Nalima mlichonitupia." Wakadhani anawakejeli.

Mangi alikuwa mtu mzito wa maneno. Alimgeukia Msami. "Unasema mfereji upo chini. Umeuona?"

"Nimeona dalili zake zote."

"Sikukuuliza dalili. Nakupa siku tatu, chimba unapotaka. Ukinionyesha mfereji, shemeji yako ataondoka. Usipouona, utaweka fimbo ya mfongo hapa miguuni pangu, na hutaishika tena wewe wala mwanao."

Siku ya kwanza Msami alichimba kando ya mfongo, mahali ambapo maji yangeweza kuchepushwa. Alikuta majivu, mizizi, na majivu. Siku ya pili alichimba katikati ya shamba, akang'oa viazi, akayakatakata magimbi kwa jembe bila kuyatazama. Watu walisimama mpakani wakimtazama, na jioni wakaokota yale magimbi yaliyokatwa wakaenda nayo makwao kimyakimya. Ndealilia aliwaona, akawaacha wapite. Watoto walimuuliza mjomba yule anatafuta nini. Aliwaambia si mjomba, ni baba mdogo, na anatafuta kitu ambacho hajakipoteza.

Siku ya tatu Msami alikuwa amebakiwa na mahali pamoja tu, ukingo wa juu, palipoinuka sana, majivu yalipolundikana zaidi chini kabisa ya miti mikubwa. Alipanda na Materu na vijana wanne wenye majembe na magogo ya kugongea. Wakaanza kupiga ardhi kwa magogo wasikilize kama kuna mlio wa uwazi chini. Mapigo yakasikika hadi nyumbani, na Ndealilia akatoka mbio, mikono ina unga.

"Shemeji, hapo tafadhali usipagonge! Huo udongo haupendi kusumbuliwa. Ukiutikisa unabadilika."

Msami alisimama wima, uso ukamng'aa. Kwa siku tatu mwanamke huyu amenyamaza, sasa amefika penyewe anapiga kelele. "Mmemsikia?" aliwaambia wenzake. "Ndipo hapa! Gongeni! Gongeni kwa nguvu zote!"

Wakagonga. Msami mwenyewe akaruka akawa anakanyaga kwa miguu miwili, kama mtu anayecheza ngoma ya kuvuna. Udongo uliokuwa mkavu machoni ukatetemeka. Vumbi likageuka rangi, likawa jeusi, likaanza kung'aa. Kisha chini ya nyayo zake ardhi ikalegea ikawa uji. Vijana waliokuwa pembeni wakarukia mizizi. Materu naye, kwa mwili wake wote, akapanda mti ambao hakuwahi kuupanda hata utotoni. Msami alichelewa kuruka. Ukingo ukakatika, ukashuka naye, ukapita katikati ya magimbi na viazi na maharage, ukavizoa vyote, ukaenda kuvimwaga korongoni.

Alikwama kwenye shina la mti mkubwa, amezama kifuani, tope limembana mbavu. Ndealilia alishuka akiteleza kwa matako, akakata mgomba, akaulaza juu ya tope, akatambaa juu yake hadi alipomfikia. Alimvuta kwapani. Walivutana muda mrefu, yeye na lile tope, na Msami katikati akilia kama mtoto, tena bila aibu. Mwishowe akatoka, kaacha vazi lake lote la ngozi humohumo.

Ndealilia alimfunika kwa jani la mgomba. Halafu akanyoosha mkono kwenye ukuta wa udongo ambao haukuanguka, akachota konzi moja, akamwonyesha. Ulikuwa mkavu. Ulimwagika vumbi kati ya vidole. Akaupeleka juu ya midomo ya Msami, akaubana kwa nguvu, na maji yakatoka, yakatiririka, baridi kama barafu yalikotoka, yakamwingia kinywani.

"Mfereji wako huu," alisema. "Kunywa."

Msami akanywa. Hakuwa amekunywa maji matamu vile tangu ukame uanze, na kila funda lilimchoma.

Walikaa pale wakitazama chini korongoni. Chakula cha shamba zima, cha pekee kilichobaki mbichi mteremkoni, kilikuwa kimelala huko kikiwa kimefukiwa na mawe. Ndealilia hakumlaumu. Alihesabu kwa sauti migomba iliyosalia, ikawa kumi na moja, na ukanda mwembamba wa magimbi kando ya nyumba. Akasema yatawatosha wanawe hadi masika kama yeye mwenyewe atakula mara moja kwa siku.

Huku nyuma Materu alikwisha kushuka mtini, na akiwa anashuka habari ikashuka naye. Alipofika bondeni alikuwa akipaza sauti: "Mfereji umepasuka! Tumeuona! Maji yalibubujika, yametubeba!" Watu wakaamini papo hapo, kwa sababu ndilo jambo walilokwisha kuliamini. Msami alipofika barazani, amejifunga jani, tope kichwani, alikuta hukumu imeiva. Alichotakiwa ni kutikisa kichwa tu. Angebaki na fimbo yake, na mwanawe angeirithi. Hakuna ambaye angeuliza tena.

"Umeuona mfereji?" Mangi akauliza.

Msami alimtafuta Materu kwa macho, naye akamkonyeza. Akamwona mkewe Mkunde, amekunja mikono, anamtazama kama mtu anayenusa maziwa asijue yameharibika au la. Shaka yake yote ya maisha ilikuwa ya watu wengine. Siku ile ilimgeukia yeye.

"Hakuna mfereji, Mangi," alisema. "Hakujawahi kuwa na mfereji. Ni majivu yetu. Tuliyotupa sisi wenyewe." Akafungua kiganja. Alikuwa ameshika konzi ya udongo njia nzima, na watu waliona ni mkavu. Akaubana. Maji yakadondoka mbele ya miguu ya Mangi, tone kwa tone. Kisha Msami akaweka fimbo yake chini, akarudi nyuma hatua tatu, akasimama na watu wa kawaida.

Mngedhani wangeona haya. Waliona, kidogo, halafu wakakimbilia vikapu. Alasiri ileile njia ya juu ilijaa tena, safari hii kila mtu akiyataka majivu yake, na wengine wakibishana wapi hasa walikuwa wamemwaga. Ndealilia alisimama mlangoni, akawaambia kila mtu achukue kikapu kimoja, akifunike kwa majani mabichi, asikipitishe juani. Walimtilia shaka. Walisema anataka kuwapunja. Wakachukua vikapu kumi kumi, na walipofika makwao wakaumwaga udongo juani, wakautandaza, wauchunguze vizuri kama kweli una maji.

Ukakauka. Ulikauka kweli, mara hii nje na ndani. Waliumwagia maji ya thamani ya mfongo, yakapita katikati yake kama yanavyopita kwenye mchanga. Waliubana mpaka viganja vikauma, ukawa vumbi tupu. Udongo ule ukishapigwa jua namna ile haurudi tena ulivyokuwa. Waliotii, watu watatu tu, waliufukia chini ya migomba penye kivuli, na migomba ya nyumba hizo tatu ikasimama. Mkunde alikuwa mmoja wao. Alikwenda kuchukua kikapu chake kwa Ndealilia ana kwa ana, akakaa huko hadi jua likapungua, na waliyoyazungumza hakuyasema nyumbani.

Siku ya nne Msami alikata jani la isale, akalifunga fundo, akapanda nalo. Kwetu mtu akikuletea isale amekuja kuomba radhi, na kulikataa ni vigumu hata kama moyo unafuka moshi. Alipiga magoti mlangoni. Ndealilia alipokea jani kwa mikono miwili kama ipasavyo.

"Nimepokea," alisema. "Lakini nijibu jambo moja, baba mdogo wa wanangu. Siku ile ulipokuja ukakataa gimbi langu, nilikuwa nimekaa hapa. Kabla ya hapo ulijificha kwenye migomba yangu siku nyingi, na kila siku nilikuona. Kwa nini hukuniuliza?"

Msami alitafuta jibu. Alikaa pale mlangoni mpaka watoto wakaja kumtazama, akaondoka bado hajalipata. Mwaka uliofuata mvua zilipokuja alimlimia Ndealilia ukingo ule wote kwa mikono, kwa kivuli, taratibu, bila kukanyaga kwa nguvu. Kila alipomaliza siku yake Ndealilia alimpa gimbi, naye alilila akiwa amesimama. Swali lile hakulijibu hadi alipokufa.

Na tangu siku hiyo udongo mweusi wa mlima hukaa chini ya msitu, penye kivuli na maji ya barafu, na uso wake huuacha mkavu ili macho ya watu yasijue. Ndiyo maana hatukati miti ya ukingo ule: ukiufungulia jua, udongo huenda na maji yake na haurudi. Ndiyo maana hatuugongi wala hatuukanyagi hovyo penye mwinuko. Na ndiyo maana kwetu mtu akimshuku jirani yake kwa maji, hatumpi baraza kwanza. Tunamtuma apande mchana kweupe, aingie mlangoni, ainame ashike konzi ya udongo wa huyo mwenzake, aubane; kisha amuulize kwa mdomo wake, na angoje ajibiwe.

Wengi wakishafika mlangoni hushindwa kuuliza. Wanasalimu, wanasifia migomba, wanarudi walikotoka na shaka yao mkononi. Udongo unawaona. Hadi leo haujaanza kutuamini.